Firauni, Farao na Ikulu: Upatanisho wa Kisarufi na Hukumu katika Kuisimulia Misri ya Jua kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati na sarufi ambayo Kiswahili hutumia kuutaja ufalme na dini ya Misri ya Kale, hususan enzi ya Akhenaten (takriban 1353–1336 KK), ambapo Aten, duara la jua, aliwekwa juu ya miungu yote. Inajadiliwa kwamba maneno yaliyozoeleka, yaani firauni, abudu na jua, hubeba hukumu iliyotolewa kabla ya historia kusimuliwa, na kwamba sehemu ya hukumu hiyo imejificha katika upatanisho wa kisarufi, mahali ambapo wahakiki wa tafsiri hawajazoea kutazama. Ushahidi unatokana na matumizi ya lugha katika vitongoji vya Dar es Salaam, etimolojia ya Kibantu, na ulinganisho wa Aten na Ruwa wa Wachaga.

1.0 Sentensi moja

Sentensi Firauni Akhenaten aliabudu jua ni sahihi kisarufi. Mwalimu wa historia anaweza kuiandika ubaoni bila kusahihishwa na yeyote, na mhariri wa kitabu cha kiada anaweza kuipitisha bila kusita. Ina maneno manne. Matatu kati yake yamekwisha kutoa hukumu kabla shahidi hajaitwa. Lililobaki, jina Akhenaten, halihukumu lolote, lakini ndilo ambalo msomaji wa kawaida hajapata kulisikia.

Suala hili si la kitaaluma tu. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Tanzania amekutana na Misri ya Kale katika shule ya sekondari, na huko lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili kimeachiwa Misri ya msikitini na kanisani, ilhali Misri ya wanaakiolojia imesomwa kwa lugha nyingine. Hali hiyo inabadilika. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa sasa kwa Kiswahili katika sekondari, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Lugha inayodai kuwa ya bara zima italazimika kuisimulia Misri, na itakapofanya hivyo itaanza na maneno iliyo nayo. Inafaa maneno hayo yapimwe kabla hayajachapishwa kwa maelfu ya nakala.

2.0 Majina matatu katika jiji moja

Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, mfalme wa Misri ana majina matatu yasiyochanganywa. Katika hotuba ya Ijumaa, iwe Tandika au Magomeni, anaitwa Firauni. Katika ibada ya Jumapili anaitwa Farao, na wahubiri wa makanisa ya kiroho wamelipa jina hilo kazi mpya: Farao ni nguvu yoyote inayomshikilia mtu asitoke, liwe deni, ugonjwa au ndoa isiyofungwa. Katika kurasa za michezo kuna Mafarao, yaani timu ya taifa ya Misri. Wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019, lililofanyika Misri na ambalo Taifa Stars walishiriki, jina hilo lilikuwa la kawaida kabisa, na lilibeba sifa: wakongwe, mabingwa, watu wa kuogopwa uwanjani. Hakuna mwandishi wa michezo mwenye akili timamu angewaita wageni hao Mafirauni. Lingekuwa tusi, na kila msomaji angelielewa hivyo.

Tofauti hiyo ya vokali na silabi chache ndiyo inayostahili kuelezwa. Farao na Firauni ni neno moja lililoingia Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Kiebrania, Kigiriki na lugha za Ulaya, na ulifunguliwa na watafsiri wa Biblia. Biblia ya Union ya mwaka 1952 iliuimarisha. Mlango wa pili, ulio mkongwe zaidi Pwani, ni wa Kiarabu: Fir‘awn. Kiarabu chenyewe kilikuwa kimekwisha kulishusha neno hilo. Kina kitenzi kitokanacho nalo chenye maana ya kutakabari na kudhulumu. Kiswahili kililipokea pamoja na mzigo wake, kisha kikauongeza. Firauni ikawa nomino ya kawaida yenye wingi wake, mafirauni, na nomino dhahania, ufirauni. Mama anayemkemea mtoto mtundu kwa kumwita firauni hafikirii Mto Nile hata kidogo. Aidha, kwa mshabaha wa sauti tu na kitenzi kimoja cha matusi, ufirauni umesogea mitaani kuelekea maana ya uasherati, ingawa kietimolojia maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Farao haijapitia hayo. Haina ufarao wenye maana ya uovu, na ndiyo sababu imefaa kuwa jina la timu.

Ipo hoja ambayo husikika mara kwa mara miongoni mwa walimu wa lugha, kwamba Firauni ndilo neno halisi la Kiswahili na Farao ni la kuja. Kwa kigezo cha umri na uzoefu wa kifonolojia hoja hiyo ina nguvu. Lakini inasahau jambo ambalo mapokeo ya Kiislamu yenyewe yanalizingatia kwa makini kuliko kamusi zetu. Katika Kurani, mtawala wa Misri wa zama za Yusufu haitwi Fir‘awn, anaitwa mfalme. Fir‘awn ni yule wa Musa. Biblia, kwa upande wake, humwita Farao mtawala wa zama zote mbili. Kwa msomaji aliyelelewa katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, basi, Firauni linakaribia kuwa jina la mtu mmoja: yule aliyejidai kuwa mola mkuu akazama baharini. Kulibandika kwa kila mfalme wa Misri katika historia ya miaka elfu tatu ni kuwafanya wote kuwa yeye. Huko ni kwenda kinyume hata cha matini ambayo neno lilitoka.

Kejeli inaongezeka tunapomfikia Akhenaten. Wapo waliomwona kuwa mtangulizi wa imani ya Mungu mmoja. Sigmund Freud, katika kitabu alichokitoa mwaka 1939, alifika mbali hadi kudai kwamba Musa aliichukua imani yake kutoka kwa mfalme huyo. Dai hilo la Freud halina ushahidi wa kutosha, na wanahistoria wengi wamelitupa. Lakini jaribu kulieleza kwa Kiswahili: mwalimu wa Musa alikuwa Firauni. Sentensi inavunjika mikononi mwa mwandishi, na msomaji ataicheka kabla hajapata nafasi ya kuipinga kwa hoja.

3.0 Nyumba Kubwa

Katika Kimisri cha kale neno hilo, pr-‘ꜣ, halikuwa jina la mtu. Lina sehemu mbili, nyumba na kubwa, na kwa karne nyingi lilimaanisha jumba la mfalme pamoja na watu na mali zake. Katika nasaba ya 18 ndipo lilipoanza kutumiwa kumtaja mfalme mwenyewe, na mojawapo ya mifano ya awali iliyo wazi ni barua aliyoandikiwa Amenhotep wa Nne, ambaye ndiye Akhenaten. Kwa hiyo neno ambalo Kiswahili kimelifanya tusi lilianza kumhusu mtawala wakati uleule ambapo mtawala alikuwa akiibadili dini ya nchi.

Kulifasiri neno kwa neno kuwa Nyumba Kubwa hakutafaa. Msomaji wa Dar es Salaam, ambako nyumba ndogo ni hawara, ataelewa kwamba Misri ilitawaliwa na mke halali. Na hakuna haja ya kuhangaika, kwa kuwa Kiswahili cha Tanzania kina neno linalofanana na hilo kwa umbo, kwa maana na kwa historia: Ikulu. Lilitoka katika Kinyamwezi na Kisukuma, ambako ni makazi ya mtemi, na mzizi wake -kulu ndio huohuo unaoonekana katika kuu na mkuu za Kiswahili baada ya /l/ kudondoka. Ikulu ni mahali pakuu. Leo magazeti huandika Ikulu yakanusha, Ikulu yatoa ufafanuzi, na hakuna anayedhani kwamba kuta zimesema. Metonimia iliyoizaa pr-‘ꜣ imejirudia katika Kibantu bila kuigwa kutoka popote.

Ulinganisho huu hautolewi hapa ili Akhenaten aitwe Ikulu. Unatolewa kwa sababu unaonyesha kwamba dhana iliyo nyuma ya pr-‘ꜣ si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili na haihitaji kubebwa na neno la lawama. Mwalimu anayeanza na Ikulu, kisha akaeleza namna jina la jumba lilivyohamia kwa aliyemo, atakuwa amefundisha kwa dakika tatu jambo ambalo Firauni hulizuia kabisa.

Vyeo hupanda na kushuka, na wakazi wa vitongoji wanalijua hilo bila kufundishwa. Mangi ni mtawala wa Wachaga. Leo, kuanzia Mbagala hadi Kawe, mangi ni mwenye duka la mtaani, na mtoto hutumwa kwa mangi akalete sukari robo. Hakuna aliyemdhalilisha mtawala wa Moshi kwa makusudi. Neno limefuata wahamiaji na biashara zao. Lakini mwanahistoria atakayeandika habari za Mangi Rindi au Mangi Meli hatadhani kwamba maana ya dukani inatosha. Atalirudisha neno kwenye kiti chake. Huo ndio uangalifu ambao Firauni haijawahi kupewa.

Kwa matumizi ya kitaaluma, makala haya yanapendekeza mfalme kwa mtu na Farao pale ambapo cheo cha Kimisri chenyewe ndicho kinachojadiliwa, Firauni ikiachiwa matini za Kurani na fasihi iliyozaliwa nazo. Atakayesema kwamba huko ni kuupendelea mlango wa kanisa dhidi ya wa msikiti hatakuwa amekosea kuuliza. Jibu ni kwamba Farao imechaguliwa kwa wepesi wake: katika Kiswahili cha leo haijawa sifa ya tabia. Ikiwa siku moja mahubiri yataigeuza kuwa hivyo, na dalili zipo, pendekezo litabidi lifikiriwe upya.

4.0 Limechomoza au amechomoza?

Sehemu iliyobaki ya sentensi, aliabudu jua, ndiyo yenye utata mkubwa zaidi, na utata wenyewe unakaa katika kisichokuwapo. Kiswahili sanifu hutarajia kiambishi cha mtendwa pale ambapo mtendwa ni mtu au kiumbe chenye nafsi: alimwona mtoto, alimwabudu Mungu. Kwa vitu, kiambishi hicho ni cha hiari: aliona jiwe au aliliona jiwe. Kwa hiyo anayeandika aliabudu jua, bila -m-, amekwisha kuliweka jua upande wa mawe. Hakusema kwamba ibada ile ilikuwa ya kitu kisicho na uhai. Sarufi imemsemea.

Wamisri wa Akhetaten, mji mpya ambao mfalme aliujenga mahali panapoitwa leo Tell el-Amarna, hawakuwa upande huo. Neno aten lilikuwa nomino ya kawaida yenye maana ya duara, na lilitumika kwa jua karne nyingi kabla yao. Katika hadithi ya Sinuhe, ya Ufalme wa Kati, mfalme aliyekufa anapaa na kuungana nalo. Alichofanya Akhenaten ni kulifanya neno hilo kuwa jina, tena jina la kifalme. Majina rasmi ya Aten yaliandikwa ndani ya miviringo miwili, kama yanavyoandikwa majina ya mfalme aliyetawazwa. Baadaye katika enzi hiyohiyo jina rasmi lilirekebishwa ili kuondoa mabaki ya miungu mingine, Horakhty na Shu, waliokuwamo mwanzoni. Sanamu zenye sura ya mtu au mnyama ziliachwa. Lilibaki duara lenye miale inayoishia kwenye viganja vya mikono, na viganja hivyo huwashushia uhai mfalme na malkia Nefertiti.

Mtafsiri wa Kiswahili anakabiliwa basi na uchaguzi ambao Kiingereza hakimlazimishi mwenzake kuufanya kwa ukali huu. Jua liko katika ngeli ya LI-/YA-: jua limechomoza. Je, wimbo mkuu wa Aten, ulioandikwa katika kaburi la Ay huko Amarna, utafsiriwe kwa limechomoza au amechomoza? Kulitafsiri jina lenyewe kwa sahani la jua au diski ya jua, kwa kufuata mkondo wa Kiingereza, hakusaidii. La kwanza linanukia pilau na la pili linakumbusha kompyuta. Lakini hata Jua, lenye herufi kubwa, litadai upatanisho katika kila kitenzi, na wimbo huo ni mrefu na wenye vitenzi vingi.

Ugumu huu unaonekana vizuri zaidi katika ulinganisho ambao umekuwa wa kawaida tangu James Henry Breasted, kati ya wimbo huo na Zaburi ya 104. Taswira zinafanana kwa kiwango cha kushangaza: usiku unapoingia simba hutoka mawindoni, kunapokucha watu huenda kazini, vyombo hupita majini, samaki na viumbe wa baharini hutajwa. Wahakiki wengi wameishia kuhesabu mifanano hiyo. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo kikali zaidi. Katika zaburi, jua ni mojawapo ya viumbe. Limewekewa wakati wa kutua nalo linautii, kama mwezi ulivyowekewa majira. Upatanisho wa LI- unalifaa kabisa, kwa kuwa unalinda tofauti kati ya kilichoumbwa na Aliyeumba. Katika wimbo wa Amarna hakuna Mwingine nyuma ya jua. Linapotua, ulimwengu hulala kama maiti kwa sababu mwenyewe ameondoka. Hapo LI- inaibomoa maana yote. Matini mbili zinazoonekana kuwa ndugu katika Kiingereza zinaachana katika Kiswahili kwenye kiambishi kimoja, na katika jambo hili Kiswahili kina haki.

Tatizo la upatanisho wa jua na uungu si la Kibantu peke yake. Katika Sura ya Al-An‘am, Ibrahimu anapoliona jua likichomoza, Kiarabu kinatumia kwa jua neno la kuchomoza lenye alama ya jinsi ya kike, kwa kuwa shams ni nomino ya kike; lakini mara tu Ibrahimu anapolisema kuwa mola wake, kioneshi kinageuka kuwa cha kiume. Wafasiri wa Kiarabu wamekuwa wakilizungumzia jambo hilo kwa karne nyingi. Kila mtafsiri wa Kurani kwa Kiswahili hufika mahali hapo na kulazimika kuchagua kati ya hili na huyu, na akichagua huyu katikati ya vitenzi vya li-, atakuwa ameihamisha ndani ya Kiswahili hatua ileile ya fikra: kitu kinakuwa nafsi kwa muda wa sentensi moja, kisha jua linatua na Ibrahimu analikana.

Pendekezo la vitendo linafuata hapa. Aten aachwe kama jina, na lipatanishwe kwa A-: Aten amechomoza, walimwabudu Aten. Jua liendelee kuwa LI- pale ambapo matini inazungumzia joto, mwanga na saa za mchana. Mtafsiri mwenye sikio ataweza kutumia mvutano kati ya hivi viwili, kwa kuwa ndio mvutano ambao wimbo wenyewe umejengwa juu yake.

5.0 Ruwa na jua ni neno moja

Anayedhani kwamba mjadala huu unahusu mambo ya mbali aende Kimara au Mbezi, kwenye nyumba ambazo bibi mzaa baba ametoka Marangu au Kibosho kuja kuwaangalia wajukuu. Mungu wake anaitwa Ruwa. Katika Kichaga neno hilo ni la Mungu na la jua pia. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walilichukua na kuliweka katika mafundisho ya Kikristo. Bruno Gutmann, aliyeishi Moshi kwa miongo kadhaa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika sana juu ya dini na sheria za Wachaga, na Charles Dundas alilijadili jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Swali lililowasumbua ni lilelile la Aten: je, watu hawa humwabudu Mungu au huabudu jua?

Swali hilo lilikuwa na makosa katika maumbile yake. Lilidhani kwamba neno moja lazima liwe na kitu kimoja nyuma yake. Wairaqw wa Mbulu, wasemao lugha ya Kikushi, wana Looaa, ambaye ni Mungu na ni jua na ni wa kike, hawachanganyikiwi. Mzee wa Kichaga anayetazama juu asubuhi na kulitaja jina la Ruwa hakuwa akilihutubia duara la moto, kama vile anayesema mbingu na zinisaidie hahutubii mawingu. Hata hivyo, Kiswahili cha mashuleni kiliwaweka wazee hao kwenye fungu la walioabudu jua, pamoja na waabudu mizimu na waabudu miti, na upungufu wa -m- ulifanya kazi yake kimyakimya.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia zaidi liko chini ya hayo. Ruwa na jua ni neno moja. Yote mawili yanatokana na mzizi wa Bantu-Mame *-júbà, ambao umetoa pia izuba katika Kinyarwanda, enjuba katika Luganda, riũa katika Gikuyu na liuba katika Kisukuma. Katika miteremko ya Kilimanjaro mzizi huo ulipanda ukawa jina la Mungu. Pwani ulibaki angani, na nafasi ya uungu ikashikwa na Mungu, kutoka Mulungu, baada ya /l/ kudondoka kama ilivyodondoka katika kuu.

Undugu huo wa kweli unatosha. Haufai kuchafuliwa na undugu wa kubuni. Mara kwa mara husikika, hasa katika mijadala inayomtegemea Cheikh Anta Diop bila kumsoma, kwamba Ruwa ni Ra wa Misri. Diop, aliyeshiriki pamoja na Théophile Obenga katika kongamano la Cairo la mwaka 1974, alistahili wafuasi waangalifu zaidi. Jina la mungu wa jua wa Misri lina konsonanti mbili, r na ‘ayn, na Kikopti kinaonyesha matamshi yanayokaribia Re. Ruwa inatokana na mzizi wa Kibantu *-júbà, na silabi yake ya pili inatokana na *b. Mfanano wa Ra na Ruwa ni wa sikio tu. Ukikubaliwa, itabidi jua la Kiswahili nalo liwe Ra, na hapo mtetezi mwenyewe atasita. Ulinganisho wa kweli kati ya Amarna na Kilimanjaro ni wa muundo: katika nchi mbili zisizo na uhusiano, nomino ya jua ilipewa nafsi, na ikavikwa cheo cha mtawala. Aten aliandikwa ndani ya miviringo ya mfalme. Ruwa, katika sala na nyimbo za Kichaga, ameitwa Mangi.

6.0 Kufuta

Akhenaten mwenyewe alikuwa mkali wa maneno. Wafanyakazi wake walipita makaburini na katika mahekalu wakichimbachimba jina la Amun, na mahali pengine hata alama za wingi zinazolifanya neno mungu kuwa miungu. Neno mama, ambalo kwa kawaida liliandikwa kwa picha ya tai, lilianza kuandikwa kwa alama za sauti tu, kwa kuwa tai huyo alikuwa pia ishara ya mungu wa kike Mut. Hii ni sera ya lugha kwa maana kamili: tahajia ilirekebishwa ili ifuate imani. Katika enzi hiyohiyo Kimisri cha kusemwa kilianza kuingia katika maandishi rasmi, na wanaisimu wa Misri huichukulia kuwa hatua muhimu kuelekea Kimisri cha Baadaye. Mageuzi ya lugha yaliyoamriwa kutoka Ikulu si jambo geni kwa wasomaji wa jarida hili, ambao lugha yao sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja na kamati iliyoundwa mwaka 1930.

Mageuzi ya wingi wa miungu yanamgusa mtafsiri wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kwa umbo, mungu na miungu viko katika ngeli ya mti na miti. Kwa upatanisho, Mungu amehamia kwa watu. Wingi wake umebaki njia panda, kiasi kwamba hata waandishi wazuri huyumba kati ya miungu wa Misri na miungu ya Misri. Kuyumba huko husahihishwa na wahariri kana kwamba ni uzembe. Kuna namna nyingine ya kukutazama. Anayeandika miungu ya amewarudisha kwenye miti. Anayeandika miungu wa amewaachia nafsi. Wahariri wa vitabu vya dini huchagua ya kwanza kwa makusudi, nao wana sababu zao. Mwandishi wa historia hana sababu hizo, na akiiga mazoea yao atakuwa ametekeleza, kwa kalamu, kazi ya wale waliopita na patasi.

Baada ya miaka takriban 17 ya utawala mfalme alikufa, na ufutaji ukageuzwa dhidi yake. Kijana Tutankhaten alibadili jina akawa Tutankhamun. Mji wa Akhetaten uliachwa, na mawe ya mahekalu ya Aten yakatumika katika majengo ya wafalme waliofuata. Jina la Akhenaten liliondolewa katika orodha rasmi za wafalme, na katika maandishi ya kesi ya ardhi ya mtu aitwaye Mes, ya zama za Ramesses wa Pili, anatajwa tu kuwa adui wa Akhetaten, bila jina. Wasafiri na wachimbaji wa karne ya 19 ndio waliolisoma jina lake tena ukutani, na mwaka 1887 zikapatikana palepale Amarna barua za kidiplomasia kwa maandishi ya kikabari, nyingi zikiwa kwa Kiakadi, lugha ya mawasiliano ya mataifa ya wakati huo. Katika barua hizo watawala wadogo wa Kanaani humwita mfalme wa Misri bwana wao, mungu wao na jua lao. Hapo mtafsiri wa Kiswahili hana shaka juu ya upatanisho, kwa kuwa jua hilo ni mtu.